Ombi Lililokwenda kwa Watu Wote

Nilichukua ujumbe ambao dada mmoja aliniandikia mimi peke yangu, nikaunakili wote, nikaubandika mahali ambapo mtu yeyote duniani mwenye simu anaweza kuusoma, na juu yake nikaandika: “Bwana asifiwe, wapendwa. Nina ombi la maombi.” Halafu nikaagiza mandazi.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine utanipenda kwanza, na sitaki kukulaghai. Mimi ni mtu wa kupendwa haraka. Hata mwalimu wa zamu hucheka kabla hajaniambia nipige magoti. Kwa hiyo shika mandazi akilini, na unapoona nachekesha mbele huko, kumbuka niliyala yote.

Mambo yalianzia kwa punda.

Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita Susu, anaishi nje kidogo ya Zombe, na huko maji hayakujii, wewe ndiye unayeyaendea. Likizo moja nilimwonyesha app fulani kwenye simu: ramani yenye vidoti, kila kidoti ni kisima au kioski cha maji. Kijani maana yake maji yapo. Nyekundu maana yake usijisumbue. Nikamwambia, “Susu, siku hizi punda haendi kwa kubahatisha.” Nikachagua kidoti cha kijani kibichi kabisa, tukapakia mitungi, tukatembea asubuhi nzima. Tulipofika, pampu ilikuwa imekufa zamani sana hivi kwamba ndege walikuwa wamejenga ndani yake. Susu hakunigombeza. Alimgeukia punda akamwambia, “Pole. Tumeletwa na msomi.”

Ile pole ya punda iliniuma kuliko fimbo. Jioni nikatafuta watu waliotengeneza app hiyo ili niwatukane kwa heshima.

Kumbe app haina mwenyewe. Yaani ina wenyewe wengi. Ni programu huria: jinsi ilivyoandikwa imewekwa wazi, ukiona kosa unapendekeza sahihisho, na watu wanaisukuma bure, kila mmoja akiwa kwao. Wengi wao ni wa huku Kitui na Makueni, na wachache ni wa nchi ambazo mvua kwao ni kero. Lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja, dada anayekaa Salama, pale kwenye barabara ya Mombasa. Yeye ndiye aliyekuwa akipitia kazi ya kila mtu, mstari kwa mstari, kabla haijaingia. Sisi wengine tulikuwa wa bure. Yeye kampuni moja ilikuwa imemwajiri kwa mkataba aisimamie, kwa sababu waliitumia katika kazi zao za visima.

Nilimwandikia pembeni, kwenye inboksi yake. Habari ya punda, pampu, ndege, yote. Akajibu haraka: “Umenichekesha na umenihuzunisha. Sasa iandike hiyohiyo uwanjani.”

Uwanjani ndivyo tulivyouita ukurasa wa mradi, ambako maswali yote na majibu yote hukaa wazi.

Nikamwambia afadhali tuongee huku huku. Ukweli ni kwamba niliogopa. Shuleni kwetu, ukiuliza swali mbele ya watu umejichimbia kaburi. Kidato cha kwanza nilimuuliza mwalimu wa kemia kama hewa mbaya ina uzito, na muhula mzima nilipita kwenye korido watu wakijishika pua. Tangu hapo nikaapa: swali la kweli naliuliza pembeni, mbele ya watu natoa mzaha tu.

Dada akaniandikia: “Ukiniuliza pembeni namjibu mtu mmoja, na kesho mwingine ataniuliza lile lile. Ukiuliza uwanjani namjibu hata ambaye hajaanza kutafuta. Hakuna atakayekucheka. Akikucheka nitamshughulikia.”

Nikauliza. Hakuna aliyecheka. Alinijibu mbele ya wote kana kwamba swali langu lilikuwa la mtu mzima, akanionyesha mahali kosa lilipo, akasema, “Wewe ndiye uliyeliona, lirekebishe wewe.” Nikabaki nimekodolea kioo macho. Mimi? Ambaye hata kufunga zipu ya begi ni mpaka nisaidiwe?

Basi nikawa kila siku baada ya shule niko saiba, pale wanapokodisha kompyuta kwa saa. Saiba hiyo ni ya mjomba wa rafiki yangu, hapo mjini Kitui karibu na msikiti. Rafiki yangu ni wa darasa langu, kwao asili ni Mombasa, na Kiswahili chake kimepigwa pasi ilhali changu kina mikunjo. Tukikaa pamoja nikisema kitu ananisahihisha kana kwamba analipwa. Nyumbani natumia simu ya mama. Simu ni ya mama. Mimi humo ni mpangaji tu.

Marekebisho yangu yalikuwa rahisi kuyaeleza. Kisima kisipothibitishwa na mtu kwa muda mrefu, kidoti chake kisiendelee kung'aa kijani kama bwana harusi. Kiwe cha manjano, mtu ajue hapo ni bahati nasibu. Niliandika kazi hiyo kwa fahari na kwa makeke. Katikati ya mistari, pale ambapo unaruhusiwa kuacha maelezo kwa atakayesoma, mimi niliacha vichekesho. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe. Nikaituma, nikangoja.

Nikangoja sana.

Na mimi kungoja sijui. Nikaanza kumchokoza uwanjani. “Dada, kazi yangu unaipitia au unaiombolezea?” Watu wakaweka nyuso za kucheka. Kesho yake: “Kuna kinyonga amepita hapa akaniuliza mbona mko polepole hivi.” Nyuso za kucheka tena. Nilizipenda zile nyuso. Ule uwanja niliokuwa nikiuogopa nilikuwa sasa nimeugeuza jukwaa, na hata sikukumbuka ni nani aliyenifungulia mlango.

Ndipo akaniandikia pembeni. Naukumbuka ujumbe wote, na wewe ungeukumbuka kama ungekuwa mimi:

“Kijana, naona unavyonicheka na sina neno, unachekesha kweli. Lakini nikuambie wewe tu. Jicho langu la kulia linakwenda. Ni presha ya macho, na la kushoto limeanza kulifuata. Nasoma mistari michache halafu napumzika. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na wakiufanya upya kadi ya bima italipia upasuaji. Nitawaambia mwenyewe, nikishapanga maneno. Kwa hiyo nivumilie. Kazi yako ni nzuri. Usimwambie mtu.”

Nilisoma nikiwa darasani, simu ya mama niliyoibeba bila ruhusa chini ya dawati, mwalimu akieleza Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilijisikia vibaya. Halafu, na hii ndiyo aibu, nilijisikia mkubwa. Kati ya watu wote aliniambia mimi.

Jumatano, mmoja wa wale wa nje akaandika uwanjani, kwa ule ustaarabu wao unaokata kama wembe mpya, kwamba labda mradi sasa unahitaji msimamizi mwenye nafasi zaidi. Nilikasirika kwa niaba ya dada. Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya habari hii, na naitaja upesi kwa sababu ni fupi. Hasira ilidumu kama dakika. Baada ya hapo nikaanza kuona jinsi ambavyo jibu langu lingechekesha. Kwetu ni watu wa kanisa; Jumapili watu husimama mmoja mmoja wakitoa maombi yao, na mimi nawaiga wote, kuanzia mzee wa kanisa mpaka yule mama anayelia kabla hajasema. Nikaona: nitamtetea dada kwa sauti ya mzee wa kanisa. Watacheka, watalia, watajua mimi nina habari ambazo wao hawana. Na si yeye mwenyewe ndiye aliyesema kila kitu kiwe uwanjani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Nikabandika ujumbe wake chini, kama ushahidi. Nikabonyeza.

“Unacheka nini peke yako?” rafiki yangu akauliza.

“Nimetoa ombi la maombi.”

“Kwa watu wa kompyuta?”

“Kwani hawana roho?”

Akavuta kiti akasoma. Alikuwa ana andazi lake mdomoni, na nikaliona andazi limesimama.

“Ndugu yangu,” akasema, “huyu dada amekwambia usimwambie mtu.”

“Si namtetea? Wamemwita mvivu.”

“Nani kamwita mvivu? Wewe ndiye uliyemwita kinyonga.” Akameza. “Futa.”

“Acha kwanza waone.”

“Wallahi futa, kabla sijamwita mjomba.”

Lakini Amina zilikuwa zimeshaanza. Wa kwanza: Amina. Wa pili: Amina, pole dada yetu. Yule mstaarabu wa nje akaandika kwamba anaomba radhi, hakujua. Nikafurahi, nikamwonyesha rafiki yangu, “Unaona? Nimemnyoosha.” Halafu chini yake likaja jina ambalo nilikuwa naliona kwenye orodha ya wafuasi wa ukurasa lakini halijawahi kuandika kitu. Alikuwa bosi wa dada, wa ile kampuni. Aliandika maneno machache: “Pole sana. Hatukujua. Tuonane ofisini Jumatatu.”

Nikafuta. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya mandazi, kipanya kinateleza. Ombi likatoweka, ukurasa ukawa safi kana kwamba sijawahi kuzaliwa. Zile Amina zilibaki zikining'inia, zinajibu hewa.

Rafiki yangu alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. “Huu ukurasa,” akasema, “si kila anayeufuata hutumiwa nakala kwa barua pepe?”

Nilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizipata. Kila linaloandikwa uwanjani linakufuata mpaka kwenye barua pepe yako, na likishafika huko hakuna mkono wa kulivuta. Nilikuwa nimefuta bango huku kipaza sauti kimeshapita mtaa mzima.

Ujumbe wa dada ulikuja wakati nalipia saa yangu ya kompyuta. “Umefuta?”

“Ndiyo dada. Nisamehe. Nilikuwa nakutetea.”

“Nakala ninayo hapa. Na wao wanayo.”

Basi. Hakuniita mjinga. Ningempa kila nilichokuwa nacho mfukoni aniite mjinga.

Nyumbani siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya ushirika wa akina mama. Sebule imejaa, mimi kazi yangu ni kumimina chai. Wakaimba, wakasoma, wakafika kwenye maombi. Mmoja akaombea mtihani wa binti yake, mwingine ng'ombe aliyekataa kula. Akafuata mama mmoja anayeuza mitumba sokoni, ambaye mdomo wake ndio redio yetu. Ukitaka mji ujue umenunua kiatu, mwonyeshe yeye tu. Akasimama, akashika leso, akasema, “Mimi nina ombi, ila Mungu analijua.” Akakaa.

Nikangoja waulize. Hawa ni wanawake wanaoweza kukuuliza bei ya soksi zako. Hakuna aliyeuliza. Wakasema Amina, wakamwombea lile wasilolijua kwa nguvu ile ile ya ng'ombe, wakaendelea. Mmoja akanigeukia: “Na wewe kijana, una ombi?” Nikamimina chai kwenye sahani ya kikombe, ikafurika hadi kwenye kitambaa cha meza.

Walipoondoka nikamwambia mama yote. Alikuwa ameketi na ungo, anachambua ndengu za kwenda kuuza sokoni, anatoa vijiwe. Hakusimamisha mkono.

“Huyo dada anakulipa?”

“Hapana.”

“Wewe unamlipa?”

“Hapana, mama.”

“Sasa mnafanyiana nini?”

Nikafikiri namna ya kumweleza. “Ni kama mwethya,” nikasema. Mwethya ni ule utaratibu wetu wa majirani kukusanyika kuchimba matuta kwa huyu leo, kesho kwa yule. “Watu wanachimba bure, na yote ni wazi, kila mtu anaona nani anachimba na nani ameegemea jembe.”

“Haya. Na kwenye mwethya, mwanamke akiwa na mimba changa, hawezi kuinua mawe, anasimama katikati ya shamba anatangaza?”

“Hapana.”

“Anafanya nini?”

“Sijui.”

“Anamwendea mtu mmoja. Anamwambia sikioni. Yule mmoja anaanza kumpa kazi ya kupeleka maji, na mtu mwingine akiuliza anaambiwa, mimi ndiye nimemtuma. Shamba linaisha na hakuna anayejua.” Akatupa kijiwe. “Wewe ndiye ulikuwa yule mmoja. Sijui aliona nini kwako.”

Mimi pia sijui.

Jumamosi mama alinipeleka Salama. Sikuombwa maoni. Alipima ndengu akafunga kwenye mfuko, akachukua na asali iliyotoka kwa Susu, akasema maneno ya kumwomba mtu msamaha hayatumwi kwa simu, yanapelekwa na miguu. Tulibadilisha gari Machakos, na njia nzima alizungumza na mimi kuhusu bei ya vitunguu tu.

Mama yake dada ana hoteli ndogo karibu na barabara, ya chapati na chai kwa madereva wa malori. Tulipelekwa nyuma, kwenye chumba chenye meza na laptop. Nilikuwa nimemfikiria mtu mkubwa wa kuogofya. Ni mwembamba, amesuka nywele, na akikutazama anageuza kichwa kidogo kama kuku anayekupima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananitafuta kwa lile jicho la kushoto.

“Ndiye huyu?” akamuuliza mama. “Ni mtoto kabisa!”

“Ni mtoto, lakini mdomo ni wa mtu mzima,” mama akasema. “Mwanangu, nimekuja mimi kwa sababu aliyemzaa ni mimi. Amekukosea. Nakuomba.”

“Mama, keti kwanza, unywe chai.”

“Nitakaa ukishanijibu.”

“Nimesikia, mama. Keti.”

Wakaketi, wakaanza kuulizana za mvua na za kwao, kwa kile Kikamba kirefu cha watu wanaoogopa kufika kwenye jambo. Mimi nilikuwa nimesimama nikitazama laptop. Kwenye kioo kulikuwa na kazi yangu. Niliitambua, ingawa herufi zilikuwa kubwa kama za bango la mkutano wa injili. Maneno matatu tu yalikuwa yamejaza kioo chote. Na maneno yale matatu hayakuwa sehemu ya kazi. Yalikuwa katikati ya kile kichekesho changu kirefu. Ili akifikie mwisho, ilibidi akisukume polepole, neno kwa neno, kwa lile jicho moja, ajue kama kuna kitu cha maana ndani.

“Dada,” nikasema, “hicho ruka.”

“Siwezi kuruka,” akasema. “Ndiyo kazi yangu, kutoruka.”

Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta, nikakuta ghala tupu.

Akanigeukia, ule mgeuko wake. “Unajua kilichoniuma? Si kwamba wamejua. Wangejua tu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilikuwa nayasema hapa peke yangu, mama yangu akidhani naongea na simu. Nitaingia, nitasalimia, nitawaonyesha kazi za mwaka mzima, kisha nitasema, jicho langu linahitaji matibabu, na kazi itaendelea hivi na hivi. Nilitaka wanione kwanza mimi, halafu waone jicho.”

“Na Jumatatu utasema nini?”

“Nitajibu maswali. Kusema na kujibu maswali ni vitu viwili.”

Mama yangu akaweka kikombe chini.

“Nami niliona umesema kila kitu kiwe uwanjani,” nikasema. Sikuwa najitetea. Nilitaka kweli kujua nilipopotelea.

Alifikiri. Ndiyo tabia yake, hata swali la kijinga halijibu kwa haraka. “Kazi iwe uwanjani,” akasema. “Kisima kimekufa, sema uwanjani. Mimi nimekosea hesabu, sema uwanjani, hata unicheke. Lakini mimi si kisima.”

Tuliondoka na chapati alizotufungia mama yake. Mlangoni alimwambia mama yangu, “Huyu mtoto anajua kazi, msimkataze.” Mama alimshika dada mikono yote miwili kwa muda, akamwachia.

Jumatatu nilikuwa shule na sikumbuki somo hata moja. Jioni nilikimbia saiba. Rafiki yangu alikuwa ameshafungua ukurasa, na aliponiona akasogea kando akaniachia kiti.

Kampuni ilikuwa imeandika uwanjani. Ilikuwa barua nzuri, yenye adabu. Walimshukuru dada yetu kwa utumishi wake. Walisema ameamua kupumzika ili ashughulikie afya yake. Walimaliza hivi: “Tumwombee.”

“Ameamua?” nikasema. “Ameamua lini?”

“Wewe waulize.”

“Alikuwa anataka mkataba! Bila mkataba kadi inakufa mwisho wa mwezi, na bila kadi hakuna upasuaji!”

“Unaniuliza mimi, kwani mimi ndiye bosi?” Kisha akapunguza sauti. “Wameiga maneno yako, ndugu yangu. Hata maombi wameyachukua kwako.”

Chini yake zilikuwa Amina. Nyingi, na mioyo. Watu walikuwa wanampongeza kwa kufukuzwa. Niliandika jibu la kuwatukana wote, nikalisoma, nikalifuta kabla ya kulituma. Kumwambia kila mtu kwamba hakuamua kungekuwa kumwanika mara ya pili. Niligundua kwamba kila njia ya kumsaidia iliyokuwa mkononi mwangu ilipita palepale nilipomkosea.

Dada hakuandika kitu kuhusu barua ile. Siku iliyofuata, katika zile siku zake za mwisho na ufunguo, alifungua kazi yangu akaandika chini yake, uwanjani, mbele ya wote: “Nimeipitia yote. Maelezo ya katikati ni marefu, yapunguze wakati mwingine. Kazi iko sawa. Naiingiza.” Na jioni hiyo, kwenye simu ya mama, niliona kile kidoti cha Zombe kimegeuka manjano, na vingine vingi pamoja nacho, Kitui na Makueni yote ikawa na madoa ya ukweli.

Sikufurahi. Nikaanza kumwandikia pembeni. Kwanza pole fupi. Halafu pole ndefu yenye maelezo. Nyingine nikaiandika na mzaha kidogo katikati ili asidhani nimevunjika, kisha nyingine ya kuomba msamaha kwa ule mzaha. Nikamweleza nilivyokuwa najisikia darasani, na nikilala, na nikila. Nilikuwa naandika asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni nikirudi. Alikuwa akijibu neno moja: “Nimesoma.” Kila mara, hata kwa zile ndefu. “Nimesoma.” Nikawa nachukulia ni dalili njema, kwamba bado tunaongea, na nikaongeza.

Mama alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango naandika nyingine. Alinyoosha mkono, nikampa simu, maana ni yake. Alisoma akiwa amesimama, akaipandisha juu kwa kidole, akaipandisha tena, na tena, mpaka akafika mwanzo. Nilidhani atanipiga. Nilidhani labda atasema nimejifunza, kwa maana zilikuwa ni pole za kweli. Akaizima simu, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake, akasema hivi:

“Usimwandikie pole tena. Kila pole yako anaisoma kwa jicho lile lile.”